Kichwa cha Mzani

Dereva wa Radi hakuwa mtu wa muziki. Hakuuchukia; kwake ulikuwa kama mvua inayonyesha mtaa wa pili, unaisikia lakini haikulowanishi. Kilichomnyima usingizi ni gari. Akishika usukani, masikio yake yote yalikuwa chini, kwenye springi na bushi, zile raba za kuzuia vyuma visigongane, na hasa kwenye kitu fulani kilichokuwa kikigonga upande wa kushoto, ambacho kila fundi wa mjini alikuwa ameshaapa kwamba hakipo.

Bosi wake alikuwa mwimbaji wa roki. Jina la Radi alipewa enzi za ujana, alipokuwa akipanda jukwaani kifua wazi, koti la ngozi begani na gitaa la umeme kiunoni, na wasichana wa mstari wa mbele wakizimia kwa zamu. Sasa koti lilikuwa lilelile, ila kifua kilifungwa vifungo, nywele zilipakwa rangi, na waliozimia mstari wa mbele walikuwa bibi za watu wenye shinikizo la damu, wakizimia kweli. Lakini ng'ombe hazeeki maini. Radi alipofungua kinywa, hata mlinzi wa mlangoni aliacha kutazama simu yake.

Dereva mwenyewe aliitwa Mzani. Aliamini jina hilo lilitoka kwenye miaka yake ya malori, kwa sababu alijulikana kama mtu pekee aliyefika kwenye mzani wa barabarani bila kuhonga na bila kukimbilia vichochoroni. Alilipenda. Hakujua kwamba pale studio jina lilikuwa na sababu nyingine kabisa, na kwamba kila mtu, kuanzia fundi mitambo hadi mfagizi, alikuwa amekatazwa kumwambia.

Sababu ilikuwa hii. Radi hakuwaamini wachambuzi wala mashabiki. Wachambuzi wanataka bia, alisema, na mashabiki wanataka picha. Mtu wa kuaminika ni yule asiyejua kwamba anaulizwa. Kwa hiyo kila wimbo mpya ulipokamilika, Radi aliingia nao garini, akaketi kiti cha nyuma, akaupiga njiani kuelekea nyumbani huku macho yake yameganda kwenye kisogo cha dereva. Kichwa cha Mzani kikiitikia, juu chini, juu chini, wimbo umepita. Kikitulia kama maji ya mtungi, kesho yake unafutwa, hata bendi nzima ilie.

Na bendi ililia. Mpiga dramu, ambaye dada yake aliolewa na Mzani, aliwahi kukaa siku nzima bila kumsalimia shemeji yake kwa sababu ya wimbo ambao, kwa maneno yake, ulimtoa chozi yeye mwenyewe aliyeupiga. Mzani alidhani anadaiwa pole ya msiba asioujua, akampa.

Hakuna aliyewahi kuitazama barabara yenyewe. Kutoka studio hadi hospitali ilikuwa lami safi, maana hapo ndipo wakubwa walipopita wakienda kutibiwa. Kuanzia kiwanda cha matofali hadi kwa Radi yalikuwa mashimo matupu, shimo moja likimkabidhi mwenzake gari kwa heshima zote. Nyimbo zilizoangukia penye mashimo zilipita. Zilizoangukia penye lami zilikwenda na maji. Kwa utaratibu huo zilipatikana albamu zilizojaza viwanja vya mpira, na vyuo viwili vikaandaa makongamano kuhusu mapigo ya Radi na chimbuko lake.

Kisha likatokea la kutokea. Mama mmoja, mkuu wa kampuni ya muziki ya ng'ambo, alikuwa kwenye lifti ya hoteli, lifti ikakwama, na spika ya humo ikaendelea kupiga wimbo mmoja wa zamani wa Radi mpaka alipookolewa. Alitoka akiwa amesadiki. Akataka albamu mpya kabisa, ya studio, itakayotoka siku moja katika nchi zote. Mkataba ukaja, na picha ya jalada waliyopendekeza: Radi akiwa pekupeku juu ya tairi.

“Mwambie,” Radi alimwambia meneja wake, “mimi mara ya mwisho kutembea pekupeku nilikuwa nafukuzwa na mbwa.”

Meneja alikuwa binti wa dada yake, mwanamke mwenye simu mbili na kope zisizotulia. “Mjomba, tutawabembeleza kuhusu viatu. Wewe toa nyimbo, twende tukawasikilizishe. Tarehe wameshaipanga. Ikipita, mkataba umekwisha, na hawa hawarudi tena.”

“Nyimbo ziko tayari. Bado Mzani.”

Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu uchaguzi ulikuwa umekaribia na barabara ya kwa Radi ilikuwa imewekwa lami. Iliwekwa haraka, nyeusi ti, na mstari mweupe katikati. Mtaa mzima ulitoka kuipigia makofi. Mzani aliipitia siku ya kwanza kama mtu anayetembea msikitini, polepole, karibu avue viatu. Gari lilitulia. Kile kitu cha kushoto kilinyamaza. Kichwa cha Mzani nacho kikatulia, shingo imenyooka, kama picha ya pasipoti.

Nyuma yake Radi alipiga wimbo wa kwanza wa albamu mpya. Kichwa kimya. Akapiga wa pili. Kimya. Akapiga ule wa polepole, wa mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, akakuta taa inawaka dirishani na hajui ni nani aliyemsubiri. Huo ndio alioupenda kuliko yote na kuuogopa kuliko yote. Kichwa cha Mzani kilisogea kidogo, kikatazama kioo cha pembeni, kikarudi mahali pake.

“Futa zote,” Radi alisema asubuhi, na fundi mitambo akajifanya amefuta.

Wakarekodi upya. Wakaongeza gitaa, wakapunguza gitaa. Wakaleta vinanda, wakaleta kwaya ya akina mama wa benki. Kila jioni gari lilipita juu ya lami mpya, na kila jioni kichwa kilikataa. Radi akaanza kukonda. Akaacha kupaka rangi nywele, na mvi zikachungulia kama wapangaji wapya. Siku moja akaweka gitaa chini katikati ya ubeti.

“Kama Mzani hanisikii tena,” alisema, “basi mimi nimekwisha. Mwambieni yule mama wa ng'ambo atafute kijana. Mimi siimbi tena, si huko wala hapa.”

Alisema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomtisha meneja. Mwenye kelele hana neno. Radi aliponyamaza, alimaanisha.

Jioni ile meneja na mpiga dramu walimfuata Mzani nyumbani. Mkewe alikuwa akipiga pasi. Alipiga pasi nguo za watu, na sebule ilikuwa imejaa mashati yaliyotundikwa kama wageni wasiopewa viti. Meneja akasukuma mashati mawili, akaketi, akamwaga yote: kichwa, kisogo, miaka yote.

Mzani alisikiliza, kikombe mkononi. “Kichwa changu mimi?”

“Chako, shemeji,” mpiga dramu alisema. “Wimbo wangu mzuri kuliko yote maishani umeuua kwa shingo yako. Nimekaa nalo moyoni, leo nalitema.”

“Sasa mbona hamkuniambia?”

“Ungejua, ungeharibu,” meneja alisema. “Mzee anataka mtu asiyejua kitu.”

“Hapo kwa kweli alipata,” mkewe alisema, bila kuinua pasi.

“Mama watoto, tafadhali.”

“Nimesema nini? Si nakusifia?” Akageuza shati. “Wewe itikia tu, mume wangu. Kichwa ni chako, hukodishi. Kesho akipiga wimbo, juu chini, juu chini, mzee wa watu apate raha, dada wa watu apate albamu yake, na mimi nipate mume mwenye kazi.”

Mzani hakupenda. Alikuwa amepita kwenye mizani yote ya nchi na uzito wake halisi. Lakini alimfikiria bosi wake na mvi zile, na kwamba mtu yule, pamoja na kelele zake zote, ndiye aliyekesha naye hospitalini kwenye benchi usiku kucha mtoto wa Mzani alipofanyiwa upasuaji. Akasema atajaribu.

Alijaribu. Kesho yake, Radi alipopiga wimbo wa kwanza, Mzani alianza kuitikia kabla gitaa halijaingia. Aliitikia tangazo la simu lililokatiza katikati. Aliitikia kimya kilichofuata wimbo. Kwenye taa nyekundu aliitikia kwa nguvu mpaka mwendesha pikipiki wa kando akadhani anamwitikia yeye, akapita.

“Simamisha,” Radi alisema.

Akasimamisha.

“Shingo inakuuma?”

“Hapana, bosi.”

“Una kichefuchefu?”

“Hapana, bosi. Nimeupenda wimbo.”

“Mzani, kichwa chako nakijua kuliko ninavyoijua sura ya mke wangu wa pili. Hicho si kichwa chako.” Akafungua mlango. “Nitatembea.”

Na akatembea, Radi mzima, koti la ngozi kwenye jua, watoto wa shule wakimfuata wakidhani ni sehemu ya sherehe. Gari lilimfuata taratibu kwa nyuma, kama kwenye maziko.

Kazi za lami za kabla ya uchaguzi zina tabia moja dunia nzima: aliyeiweka hakumuuliza wa maji. Juma lile likaja tingatinga, likachana barabara katikati kwenye ule mstari mweupe, ili kutafuta bomba lililosahaulika. Magari yakaelekezwa njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali, njia ambayo hata mbuzi waliipita kwa mashauriano.

Meneja alikuwa kiti cha mbele siku hiyo, maana alikuwa akimsindikiza mjomba wake kwenda kuandika barua ya kuwakatalia wa ng'ambo. Radi alikuwa nyuma, hana hata hamu. Aliwasha nyimbo kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna.

Gari likaingia shimo la kwanza. Kichwa cha Mzani kikaenda juu, kikarudi chini. La pili. La tatu. Kule kushoto kile kitu kikaanza tena, ngo, ngo, ngo, na Mzani akakunja uso, akatega sikio, akasahau dunia. Kichwa kinaitikia wimbo wa kwanza. Kinaitikia wa pili. Radi akavuta pumzi, akasogea mbele, akashika kiti kwa mikono miwili. Wimbo wa ile taa ya dirishani ukaingia, na kichwa kikauitikia kwa unyenyekevu kama mkwe anayepewa wosia.

“Meneja,” Radi alinong'ona. “Unaona?”

“Naona, Mjomba.” Sauti ilimtetemeka. Pengine yalikuwa mashimo.

“Zimerudi! Nyimbo zimerudi! Piga simu ng'ambo. Waambie nakuja, na viatu nitavua!”

Nyimbo zikaisha, redio ikajiwasha yenyewe, mtangazaji akaanza kusoma bei za mbolea. Kichwa cha Mzani kikaitikia bei za mbolea. Meneja aliona, mkono ukamruka kuzima redio. Radi hakuona, alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti.

Lakini Mzani alijiona. Alikuwa ametupia jicho kwenye kioo cha juu, na humo akaona kichwa kikienda juu chini. Nyuma ya kichwa hicho kulikuwa na kichwa cha Radi, juu chini, na pembeni cha meneja, juu chini, wote watatu kama kuku wanaodonoa. Akatazama njia. Akatazama kioo. Akaelewa.

Angeweza kunyamaza, na Radi asingejua kamwe. Meneja alikuwa akimtazama kwa jicho lililosema hivyo bila kupepesa, na kwa kope zile hiyo ilikuwa kazi.

Kisha Radi akamwekea mkono begani. “Mzani, ndugu yangu. Watu wote wamenidanganya maisha haya. Wake, mapromota, madaktari. Kichwa chako hakijawahi.”

Mzani akasimamisha gari. Akazima injini.

“Bosi, hicho kichwa si mimi. Ni barabara.”

“Barabara gani?”

“Hii. Na ile ya zamani. Mimi nyimbo zako sijawahi kuzisikia, bosi. Miaka yote nilikuwa nasikiliza bushi.”

Kutoka kiwandani ilisikika mashine ikikata udongo.

“Ile albamu ya viwanja?” Radi aliuliza.

“Mashimo, bosi.”

“Na ule wimbo uliopigwa kwenye lifti ya hoteli?”

“Huo sijui ni upi. Lakini kama ulipita hapa, mashimo.”

Radi aliegemea nyuma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba baba aliyemlea alikuwa mpangaji. “Kwa hiyo hujui kama kuna hata mmoja mzuri.”

“Sijui, bosi. Na nikisema najua, nitakuwa nimeitikia tena.”

Meneja alifunika uso. Alingojea radi ipige. Badala yake Radi alitazama nje, kwenye safu za matofali yaliyoanikwa, halafu akasema, kama anajisemea mwenyewe, “Waliozipenda nao walizisikia kwenye njia hizihizi. Wapelekee zote. Na ule wa taa. Kama nimeimba kwa mashimo miaka yote, sitaanza leo kujifanya mtu wa lami.” Akafumba macho. “Lakini Mzani atakuja nami. Sitaki kusikia hukumu nikiwa na watu wanaojua muziki.”

Hivyo ndivyo dereva mmoja alivyosafiri ng'ambo, kwenye karatasi za kampuni akiitwa mshauri wa mahadhi, na kwenye sanduku lake mkewe akimwekea mashati yaliyonyooka kuliko mkataba.

Mkataba wenyewe ulikuwa na kona zake. Mkuu wa kampuni angesikiliza kwanza, ndipo aamue: nchi zote, au albamu ibaki nyumbani iuzwe sokoni pamoja na vifuniko vya simu. Radi hakuwa na ombi jingine ila moja, kwamba asikilize garini. Mkuu alifurahi. Aliona ni mila ya kale, akaandika kwenye simu yake.

Gari lao lilikuwa refu, la kimya kama chumba cha maiti, viti vikitazamana. Mkuu, miwani juu ya paji la uso, na mwanasheria wake waliketi wameupa usukani mgongo, wakitazamana na Radi na meneja waliokuwa kiti cha nyuma. Mzani alipewa kiti cha mbele kando ya dereva wa kwao, mzee mwenye glavu nyeupe. Barabara ilikuwa laini mpaka ikatia aibu. Wimbo wa kwanza ukapigwa. Mkuu alitabasamu tabasamu la mtu anayengojea chakula cha wagonjwa. Wa pili. Mwanasheria alitazama saa. Vichwa vilikuwa vimesimama kama vinyago.

Mzani aligeuka. Bosi wake alikuwa akitazama dirishani, ameshika magoti, kama jamaa wa mgonjwa anayewasikia madaktari wakizungumza lugha yao. Hakuwa akidai kitu. Hilo ndilo lililomuuma Mzani. Na akawaza hivi: bosi alinidai ukweli nikamlipa, hawa wenyeji sijawahi kula nao chakula, hawanidai kitu.

Akamgusa mzee wa glavu. Hawakuwa na lugha moja, lakini madereva wana ya kwao. Mzani alifanya mkono kuwa barabara, akaurusha juu na chini. Akagonga dashibodi kwa kidole: ngo, ngo, ngo. Akaonyesha upande wa kushoto, akainua nyusi. Macho ya mzee yakawaka. Inaonekana naye alikuwa na kitu kinachogonga ambacho mafundi wa kwao walikuwa wameapa hakipo, na alikuwa amesubiri siku nyingi mtu wa kumsikilizisha. Akawasha taa ya kukata kona, akaingia mji wa zamani, ambako barabara zilikuwa za mawe, na mawe yalikuwa yamewekwa na watu waliokufa zamani bila kufikiria tairi.

Vichwa vikaanza. Kwanza cha mwanasheria, juu chini, miwani ya mkuu ikaanguka puani, kisha na yeye, juu chini, juu chini. Akafungua macho kwa mshangao. Akasema kitu.

“Anasema mwili wake umeitikia wenyewe,” meneja alitafsiri, na safari hii kope zake zilikuwa zimetulia zenyewe. Mkuu akasema kingine, mwanasheria akatoa kalamu. “Mjomba. Nchi zote.”

Radi hakupiga kelele. Alijua bei ya vichwa vile. Aliinama mbele, kwa mazoea ya miaka, kutazama kisogo cha Mzani.

Wimbo wa taa, ule wa mtu anayerudi nyumbani, ulikuwa umeingia. Gari liliruka, mzee wa glavu alitega sikio chini kwa furaha, wote walikuwa wakiitikia. Mzani peke yake hakuitikia. Hakuwa na usukani wa kushika wala bushi ya kuihofia. Gari lilikuwa la mtu mwingine na shida zake. Alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango, shingo ameikaza, sikio amelibana kwenye spika iliyokuwa kando ya kioo, kinywa wazi kidogo, kama mtu anayesikia jirani akilitaja jina lake ukutani.

“Mzani,” Radi aliita.

Kisogo kilibaki palepale.

“Mzani. Vipi?”

Mzani aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

“Nyamaza kwanza, bosi,” alisema. “Huyu mtu amefika mlangoni.”